Waliingia Mama Akiwa Edani

Waliingia Ijumaa, wakati wa sala, wanaume wa mtaa wakiwa msikitini. Nalitaja hilo mwanzo kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki huulizwa wanaume walikuwa wapi. Walikuwa wamesujudu. Na waliokuja walilijua hilo, maana hata mgeni aliyehamia Mishomoroni jana anajua kuwa saa ile ya Ijumaa nyumba hubaki na wanawake, watoto na wagonjwa.

Nitaeleza kwa mpangilio. Nimesoma taarifa za habari redioni kwa miaka, na kazi hiyo imenifunza kuwa hasira ya mwanamke ikikosa mpangilio huitwa kelele. Kwa hivyo nitasema nani, wapi, walifanya nini na walisema nini. Hasira sikuiondoa. Nimeipa tu mahali pa kukaa.

Mama alikuwa edani. Baba alikuwa amefariki karibuni, na kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi: hajipambi, hajitii manukato, hatoki ovyo, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake hamuoni. Mama aliishika eda yake kama alivyoishika ndoa yake, bila kuitangaza na bila kuilalamikia. Tulimtengea chumba cha nyuma, tukatundika pazia zito mlangoni, na mtaa mzima ukajua. Wana wa ami yangu, ambao yeye ndiye aliyewapangusa kamasi wakiwa wadogo, walisimama sebuleni wakamsalimu kupitia pazia. Muuza maji alipiga hodi barazani akangoja kuitikiwa. Hata vijana wa nyumba ya pili, ambao hawana adabu na mtu yeyote, walipunguza muziki bila kuambiwa.

Sasa polisi. Wiki hiyo vijana wa mapanga walikuwa wamejeruhi watu huku Kisauni, na sisi wenyewe ndio tuliolia polisi waje. Habari hiyo niliisoma hewani kwa kinywa changu. Nilisoma pia sauti za wakazi waliosema serikali imewatupa. Basi sina ugomvi na polisi kuja. Ugomvi wangu ni walivyokuja na walikokuja.

Nilikuwa uani nakuna nazi. Mpangaji wetu wa chumba cha uani, mama wa Kigiriama anayeuza viazi karai, alikuwa mbele ya karai lake akigeuza viazi. Tukasikia mlango wa mbele ukipigwa teke. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeita. Teke la kwanza lililegeza komeo na la pili likaling'oa, na wanaume wenye bunduki wakapita sebuleni na viatu vyao, juu ya mkeka tuliokuwa tumeusomea hitima ya baba.

"Kila mtu akae chini!"

Sikukaa. Niliuliza maswali ambayo ningeyauliza kazini: "Nyinyi ni kina nani? Mwatafuta nini? Waranti iko wapi?"

Aliyetangulia, mtu mrefu mwenye kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi, alinitazama kana kwamba mbuzi ya kukunia nazi ndiyo iliyosema. "Waranti ya nini? Hii ni operesheni."

Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote. Likisemwa, mlango wako si mlango tena, na wewe si mwenye nyumba tena, u kitu kilichokaa njiani. Sijapata kusikia operesheni ikiingia kwa teke kule kwenye mabustani na walinzi wa lango, ng'ambo ya barabara kubwa. Kule hubonyezwa kengele. Operesheni ni yetu sisi wa Mishomoroni na Ziwa la Ng'ombe, na ikija huja nzima, pamoja na viatu.

"Mamangu yuko edani chumba kile," nikamwambia. "Ngojeni ajitande kwanza."

"Ako na nani huko ndani?"

"Yuko peke yake."

"Basi hana kitu ya kuficha."

Akalivuta pazia hadi ufito ukaanguka. Mama alikuwa ametoka kuoga kwa ajili ya adhuhuri. Alikuwa amejifunga leso kifuani, nywele ziko wazi zikichuruzika maji, kitana mkononi. Hakupata hata nafasi ya kuifikia buibui iliyoning'inia ukutani. Alichukua mto akaufunika uso. Mwanamke wa umri ule, mwenye wajukuu, amesimama katikati ya chumba chake mwenyewe amejificha nyuma ya mto, mabega yako nje, na mwanamume asiyemjua anamtazama juu hadi chini.

Mtu yule hakugeuza shingo. Aliinama akatazama uvunguni. Akapindua godoro. Akafungua kasha la baba, lenye kanzu zake tulizokuwa tumezifua tukazipiga pasi ili zitolewe sadaka, akazimwaga chini moja moja kama mtu anayetafuta panga ndani ya kola.

"Mwanaume wa hii nyumba yuko wapi?"

"Amekufa," mama akasema ndani ya mto.

"Eh! Leo kila nyumba mwanaume amekufa." Akacheka, na mwenzake aliyesimama mlangoni akacheka naye.

Nimejaribu mara nyingi kukisamehe kicheko kile. Teke nalielewa, mtu aweza kupiga teke kwa woga. Kicheko sikielewi.

Uani, polisi wa tatu, aliyekuwa ameshaupiga teke mlango wa chumba cha mpangaji wetu, alikuwa amechutama penye karai lake anakula viazi.

"Afande, hivyo havijaiva," mpangaji akamwambia.

"Vimeiva."

"Basi chovya na ukwaju, usije ukaenda kusema wenyeji wako hawana ukarimu."

Akachovya. Wallahi alichovya, na bunduki imelala juu ya magoti yake. Walipomaliza hawakusema wamepata nini wala wamekosa nini. Walitoka kama walivyoingia, wakaenda nyumba iliyofuata, nasi tukasikia mlango wa huko.

Nirudi nyuma kidogo kuhusu Katiba. Kuna wakati redioni tulikuwa na kipindi cha kueleza sura ya haki, na mimi ndiye niliyekisoma. Kila wiki ibara moja au mbili, kwa Kiswahili chepesi, na kaswida kabla na baada. Ibara ya thelathini na moja niliisoma kwa sauti yangu nzuri kabisa: kila mtu ana haki ya faragha, na ndani ya haki hiyo mna ulinzi wa mwili wake, nyumba yake na mali yake visipekuliwe ovyo. Kabla yake niliisoma ibara ya heshima ya utu. Mama alikuwa akisikiliza kipindi hicho huku akichambua mchele, na siku ile aliniambia nilisoma vizuri lakini haraka. Kwetu sisi faragha haikuwa habari mpya. Hodi tuliijua kabla ya Katiba. Kilichonifurahisha wakati ule ni kwamba serikali nayo sasa imeandikiwa ipige hodi. Nikifikiria furaha yangu ile najisikia kama mtu aliyetapeliwa huku mwenyewe akimshikia tapeli taa.

Wanaume waliporudi kutoka msikitini, mtaa ulijaa maneno. Mjomba, kaka yake mama, alikuja akaingia chumbani, akatoka amekunja uso. Nilidhani amekasirika kama mimi. Alikuwa amekasirika kweli, lakini hasira yake ilikuwa imeshapata njia ya kupoa.

"Tushukuru hawakumpiga mtu," akasema. "Komeo nitaleta fundi. Na wewe, mwanangu, hili usilipeleke redioni."

"Kwa nini?"

"Sitara. Utasema nini hewani? Kwamba mamako alionekana na wanaume na nywele zake wazi? Wataka watu wa Likoni na Changamwe wakae na chai wakimpiga picha akilini?"

"Aliyemvua sitara si mimi."

"Najua si wewe. Lakini wewe ndiwe utakayemvua mara ya pili."

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mambo haya yanavyodumu. Milango iliyovunjwa Ijumaa ile ilikuwa mingi. Sikumsikia mwenye mlango hata mmoja akisema atalalamika. Kila nyumba ilikuwa na binti, au mke, au mkwe aliyekutwa vibaya, na kila nyumba ilinyamaza ili kumstahi. Stahi yetu, ambayo ni kitu kizuri, ndiyo inayowafunika wao. Wanaingia mahali ambapo wanajua hatutasema walichokiona.

Nilimuuliza mama, nimeketi kitandani kwake, godoro tumelirudisha. Sikumshawishi. Nilimuuliza tu anataka nini.

"Nataka iandikwe," akasema. "Wakivunja mlango wa mtu, iandikwe kuwa wamevunja. Si waseme hawakuja."

Basi nikaenda kituo cha polisi kwa niaba yake. Sitakitaja kituo. Nyuma ya kaunta walikuwa askari wawili, mmoja kijana kutoka bara na mmoja mtu wa pwani kama mimi, mwenye ndevu zilizoanza kupata mvi. Nilieleza kwa mpangilio. Kijana aliandika neno moja akaacha.

"Chumba ni cha nani?"

"Cha mamangu."

"Basi akuje mwenyewe. Wewe si mlalamishi."

"Yuko edani. Hatoki."

"Eda ni nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa makini, hilo nampa. Kisha akasema, "Sasa si akimaliza hiyo kitu atakuja?"

"Akimaliza mtamuuliza kwa nini alikaa kimya miezi yote hiyo."

"Hiyo ni kweli," akasema, na akafunga kitabu.

Nilimtazama yule mtu wa pwani. Alijua eda. Mamake huenda alikaa eda, na yeye huenda alisimama nje ya pazia akamsalimu. Alijua pia kwamba wangeweza kumtuma askari wa kike aende nyumbani akayachukue maelezo. Alikuwa akisafisha ukucha kwa kifuniko cha kalamu. Nikamwambia, "Kaka, mwenzako hajui. Wewe wajua." Akainuka akaenda zake chumba cha nyuma.

Nilitoka nje. Haki ya mama ilikuwa pale kwenye kaunta, hakuna aliyeikana. Walichofanya ni kuiweka mahali ambapo hangeweza kufika bila kuivunja eda ambayo wao walikuwa wameivunjia heshima. Hata mwizi haombi aliyeibiwa amletee ufunguo.

Nilimpigia simu mwalimu wetu wa madrasa, mtu mwenye elimu na mwenye kuogopa maneno ya watu kwa kiasi kilekile. Nikamuuliza kama mjane aweza kutoka mchana kwa haja.

"Kwa haja aweza," akasema. "Mchana, kwa stara, na alale nyumbani kwake. Kudai haki ni haja."

"Nimuambie mjomba umesema hivyo?"

Akashusha sauti: "Sema vitabu vimesema. Mimi usinitaje."

Sikumtaja, na hata hapa simtaji. Lakini nilikasirika naye pia. Fatwa inayonong'onwa kwa simu haimsaidii mjane anapopita mbele ya majirani.

Mjomba alipopata habari alikuja mbio. Alisema mama ataonekana amechoka kukaa eda. Alisema baba kaburini atasikitika. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyomsikiliza tangu utotoni, kisha akamuuliza, "Uliponioza, uliniambia niende kwa mume nikailinde nyumba yake. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi ndiyo naenda kuilinda."

"Dada, huko ni kituoni! Huko huendi kulinda, huko waenda kudhalilika."

"Nimeshadhalilika, kakangu, na sikutoka hata chumbani. Sasa acha nitoke."

Tulitoka baada ya kifungua kinywa. Mama alivaa buibui, ukaya na glavu nyeusi. Hata vidole hukuviona. Mpangaji wetu akajitokeza na kitenge chake cha kwendea kanisani. "Mimi sina eda," akasema, "lakini nina viazi." Tukapanda tuktuk sote watatu. Jirani mmoja, bibi wa umri wa mama, alikuwa barazani anafagia. Akasimama na ufagio.

"Salama? Eda imekwisha, au imepunguzwa siku hizi?"

"Bado haijesha," mama akamjibu. "Naenda narudi. Ukitaka kunichunga, panda, pana nafasi."

Bibi hakupanda. Dereva wa tuktuk alicheka peke yake hadi tukafika barabara kubwa.

Kituoni tulimkuta kijana yuleyule. Alishangaa, nadhani, kwamba mtu aliyeambiwa aje amekuja. Mama alikataa kiti. Alisimama mbele ya kaunta na mikono yake ya glavu akaiweka juu ya ubao.

"Jina?"

Akalitaja.

"Shida ni gani?"

"Waliingia chumbani kwangu."

"Waliiba kitu?"

"La."

"Walipiga mtu?"

"La."

"Walivunja?"

"Komeo. Lakini komeo si shida, komeo limetengenezwa. Waliingia, bila ruhusa yangu na bila karatasi ya korti, nami sikuwa nimejifunika."

Kijana aliweka kalamu chini. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na ugumu wa kweli. "Mama, hii naandika nini sasa? Hakuna kitu imepotea, hakuna mtu ameumia. Kuingia ni kazi ya polisi. Sheria inaturuhusu tukishuku."

"Mlishuku nini?"

"Sijui. Mimi sikuwa."

"Basi andika hujui."

Mpangaji wetu akasogea. "Mimi nimepoteza. Viazi vyangu vilikuliwa, na ukwaju juu."

Uso wa kijana ukang'aa. Hapo sasa alikuwa na kitu. Akaanza kuandika: viazi karai, mali ya nani, wapi, askari wa namna gani. Aliuliza kama vilikuwa vimeshaiva. Aliandika kwa bidii, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, nami nikasimama pale nikitazama kitabu cha serikali kikipokea kiazi na kumkataa mamangu. Kiazi kilikuwa na safu yake. Kiazi kilikuwa na kifungu. Mwanamke aliyeufunika uso wake kwa mto hakuwa na pa kuandikwa. Kama kuna siku nilitaka kupiga kelele za wanawake, zile ambazo najizuia nazo tangu mwanzo wa maandishi haya, ni siku hiyo.

Mama hakupiga kelele. Alingoja kijana aweke nukta.

"Umemaliza viazi?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa chini yake andika: waliingia."

"Mama..."

"Mwanangu, mimi nimetoka edani. Wajua kutoka edani ni nini? Binti yangu alikueleza. Nimepita mbele ya watu wanaonijua tangu nikiwa mwari. Sikuja kwa ajili ya viazi. Andika waliingia, andika sikuwa nimejifunika, andika walicheka. Kama hakuna kosa, mkubwa wako atasema hakuna kosa, na jina lake litakuwa hapo chini."

Yule wa pwani alitoka chumba cha nyuma. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini. Hakututazama. Alimwambia mwenzake kwa sauti ndogo, "Mwandikie. Ibara ya thelathini na moja." Kisha akarudi alikotoka. Sikumshukuru, na sijutii. Alijua hata namba.

Ikaandikwa. Kijana alitusomea, tukapewa nambari kwenye kipande cha karatasi, tukarudi nyumbani, na mama akaingia nyuma ya pazia lake kabla ya adhuhuri.

Sikusoma habari hiyo redioni. Mama hakutaka, na nyumba ilikuwa yake. Lakini kitabu kile kilifanya kazi ambayo redio isingeifanya, kwa sababu hazikupita siku nyingi, jioni moja baada ya alasiri, tukasikia hodi. Hodi yenyewe, mara ya kwanza, ya pili, na kimya cha kungoja. Alikuwa mjomba, na mzee wa mtaa, na nyuma yao mkubwa wa kituo bila sare, shati la mikono mirefu, amevua viatu mapema mno, huko kwenye ngazi. Walikuwa wamekuja kuomba radhi.

Asiye wa kwetu hatauona uzito wa jambo hili, kwa hivyo nitaueleza. Mtu akikukosea akaja nyumbani kwako na wazee wako mwenyewe, akakaa kwenye mkeka wako akaomba radhi, humrudishi. Ukimrudisha, kosa linahama linakuja kwako. Na ukisema umesamehe, Fatiha ikasomwa, jambo limefungwa. Atakayelifungua tena ndiye mkorofi. Ndoa zimeokolewa hivyo, na mashamba, na damu. Mjomba alilijua hilo. Mkubwa wa kituo alikuwa amefundishwa, na nina hakika ni nani aliyemfundisha.

Waliketi sebuleni. Mama alikaa upande wake wa pazia. Mkubwa wa kituo alizungumza vizuri, kwa Kiswahili cha kujipinda alichokifanyia mazoezi.

"Mama, shikamoo. Vijana wetu walikosea. Walikuwa na presha, walikuwa wanatafuta wahalifu. Hawakujua kuna mjane. Mimi kama mkubwa wao nimekuja kwako kama mtoto kwa mamake. Tusamehe."

"Binti yangu aliwaambia kuna mjane," mama akasema.

Mjomba akakohoa. "Dada, ameomba radhi."

"Nimesikia. Marahaba, mwanangu. Nimekusamehe. Na wao nimewasamehe, hata aliyecheka. Sitaki kusimama nao mbele ya Mungu kwa hili."

Mzee wa mtaa alishusha pumzi, na mjomba alikuwa ameshainua viganja. Fatiha ikasomwa. Nilileta chai kwa sababu nilikuwa nimeshaipika, na nilipoiweka mbele ya mkubwa wa kituo nilitamani mkono wangu uteleze. Alikuwa anatabasamu sasa, amekaa vizuri.

"Asante, mama. Kwa hivyo kesho huyu binti yako apite tu ofisini, tufute ile maneno kwa kitabu ya OB."

"Kufuta nini?" mama akauliza.

"Ile ripoti."

"Ripoti sikukwambia ifutwe."

Mjomba aligeuka akalitazama pazia. "Dada! Umesamehe. Fatiha imesomwa."

"Imesomwa, na nimeitikia amini. Radhi ni yangu, nimeitoa. Yule mtu sitamwombea mabaya, na nikikutana naye nitamwitikia salamu yake. Lakini kitabuni sikuandika kwamba nimemkasirikia mtu. Niliandika kwamba waliingia. Je, hawakuingia?"

Mkubwa wa kituo akaweka kikombe chini. Kile Kiswahili cha mazoezi kikamwishia. "Mama, hii mambo si tumemaliza kinyumbani?"

"Ya kinyumbani tumemaliza. Wewe umekuja kwangu kwa desturi yetu, nasi tumekupokea kwa desturi yetu. Chai ndiyo hiyo. Mimi nilikuja kwako kwa sheria yako, nikiwa edani. Nijibu kwa sheria yako."

"Unajua hii inaweza haribia vijana kazi?"

"Wengine huku wameingiliwa majumbani na hawana wa kuja kuwaomba radhi. Mpangaji wangu hapo uani, umemwomba? Mlango wake pia mlipiga teke. Ama yeye kwa kuwa hasomi Fatiha hana mlango?"

Mpangaji wetu, aliyekuwa anasikiliza kupitia dirisha la jikoni bila aibu yoyote, akasema kwa sauti, "Mimi mlango wangu hata sasa nafunga kwa kamba."

Mkubwa wa kituo alivaa viatu vyake kwenye ngazi, akihangaika na kamba, mzee wa mtaa amemwinamia akimnong'oneza samahani. Alikuwa akimwomba yeye radhi! Mjomba alibaki nyuma, akasimama mbele ya pazia.

"Umeniaibisha," akamwambia mama.

"Umewaleta kuja kuninunua kwa kitu ninachokiheshimu," mama akasema. "Hilo nalo nimekusamehe. Nenda salama."

Hakuja tena nyumbani kwetu hadi eda ikaisha, na alipokuja alikuja kwa ajili ya chakula cha watu cha kumaliza eda, si kwa ajili ya mama. Wako majirani waliosema dada yake amevunja Fatiha. Bibi wa ufagio aliacha kuitikia salamu zangu. Lakini jioni moja alimtuma mjukuu wake kumuuliza mama kama ni kweli mtu huandikiwa bila kutaja mambo yote aliyofanyiwa, na mama akamrudishia jibu kwamba ataje anachoweza. Hajaenda. Simlaumu. Nawalaumu waliomfanya achague kati ya mlango wake na uso wake.

Na malalamiko? Uchunguzi unaendelea. Hilo ndilo jibu, na tumelipata kwa sauti mbalimbali, ya upole, ya kuchoka, ya simu iliyokatwa. Mtu mrefu mwenye kofia hatujaambiwa yuko wapi. Kijana wa kaunta amehamishwa, na wa pwani anageuka kila tukiingia. Mimi ningekuwa nimeshachoka, nasema kweli. Kazi yangu imenizoesha kwamba habari ya leo kesho huwa imepoa. Mama hajachoka. Tangu eda iishe huenda mwenyewe, kwa miguu yake, na akifika hutaja nambari kwa kichwa.

Mara ya mwisho niliandamana naye. Kwenye kaunta alikuwa askari mpya, mwanamke, aliyekuwa ameshasimuliwa habari zetu. Alimtazama mama kwa huruma ya mtu anayetaka kwenda chai.

"Lakini mama, wananiambia hawa watu ulishawasamehe?"

"Niliwasamehe," mama akasema. "Fungua kitabu."